Vikapu vyangu havionekani tena Google

Kamwene mshauri,

Mimi ni mama wa hapa Iringa mjini, nauza vikapu. Ni vile vya milulu wanavyosuka akina mama vijijini, pamoja na mikeka na siku hizi vifuniko vya taa, ambavyo watu wa mahoteli wanavipenda sana. Nina meza yangu Miyomboni, lakini meza hiyo peke yake hailipi hata ada ya mtoto. Kilichokuwa kinaniweka mjini ni tovuti. Kijana mmoja alinitengenezea miaka kadhaa iliyopita. Haikuwa ya kuvutia macho, ila mtu wa Dar au Arusha akiandika "vikapu vya Iringa" Google ananikuta juu kabisa. Anapiga simu, tunaelewana bei, analipa kwa simu, mzigo naupeleka stendi unapanda basi. Wageni wanaokwenda Ruaha nao walikuwa wananipata kupitia kurasa za Kiingereza, wanapita kuchagua vikapu kabla ya kuingia hifadhini au wakiwa wanarudi.

Mwezi Machi nikaona niiboreshe. Nikapata fundi mwingine, akatengeneza tovuti mpya kabisa inayong'aa, jina nikabaki na lilelile. Tukaiwasha mwanzoni mwa Aprili. Wiki za kwanza sikuona tofauti. Kufika mwisho wa Aprili simu zikaanza kupungua, nikasema ni mvua, wageni hawapo. Mei nikajifariji hivyohivyo. Sasa ni Agosti, msimu wenyewe, magari ya wageni yanapita kila siku na simu yangu iko kimya. Nikiandika jina la duka langu, natokea wa kwanza. Nikiandika "vikapu vya Iringa" nafungua mpaka ukurasa wa nne sijioni. Wanaotokea ni watu wa Dar ambao hivyo vikapu wamenunua kwangu kwa jumla!

Nimeuliza kila mtu. Mtoto wa dada yangu, yuko chuo, anasema Google wamenipa adhabu. Fundi anasema kazi yake haina kasoro, Google ndio wamebadilisha mambo yao, nilipie matangazo. Kuna mtu kanitafuta WhatsApp, anasema kwa laki tatu ananiwekea linki elfu moja na ndani ya wiki nitakuwa namba moja. Mume wangu anasema niachane na tovuti nibaki Instagram. Halafu juzi mteja wangu wa hoteli Arusha kapiga simu kwamba linki ya vifuniko vya taa aliyokuwa ameihifadhi, akiifungua inaandika ukurasa haupatikani. Sijui kama hilo nalo lina uhusiano.

Je, ni kweli nimepewa adhabu? Huyo wa laki tatu nimlipe? Au nianze upya na jina jingine?

Mama Vikapu, Iringa

* * *

Kamwene mama,

Hilo la mteja wa Arusha, ulilolitupia mkiani mwa barua kana kwamba ni la kupita tu, ndilo lenye uzito kuliko yote. Lakini kabla sijafika huko niseme la laki tatu, maana najua hilo ndilo lina haraka: usimlipe. Google wenyewe wameandika wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Kununua linki, yaani kulipia tovuti nyingine zielekeze kwako, ili upandishwe ni kinyume cha kanuni zao, na tangu 2012 wamekuwa na mfumo wa kuzishughulikia linki za namna hiyo. Siku hizi nyingi zinapuuzwa tu, yaani laki tatu inakwenda na maji. Ukiwa na bahati mbaya zaidi, ndiyo inakuletea hiyo adhabu anayoisema mtoto wa dada yako.

Kwa sasa sioni dalili ya adhabu. Mfanyakazi wa Google akiiadhibu tovuti kwa mkono, hafanyi kimyakimya. Ujumbe unatumwa kwenye Google Search Console, ambayo ni huduma yao ya bure kwa wenye tovuti, na unabaki kwenye ukurasa unaoitwa Manual actions (adhabu za mkono). Ukikuta pameandikwa hakuna tatizo, hakuna tatizo. Ukiwa humohumo tazama na Security issues (matatizo ya usalama), kwa sababu tovuti ndogo zinavamiwa sana. Dalili moja ya uvamizi ni kwamba ukiandika Google site: na jina la tovuti yako bila kuacha nafasi, unakuta kurasa zenye maandishi ya Kijapani au matangazo ya dawa ambazo hujawahi kuziandika. Sidhani kama ni hilo, ila kuangalia hakuna gharama.

Sasa hiyo Search Console: nina wasiwasi iko mikononi mwa yule kijana wa kwanza. Mpigie, kwa heshima zote, mwambie akuongeze kama mmiliki kwa barua pepe yako. Usimwombe neno lake la siri. Tunachokihitaji ni historia. Search Console inatunza takwimu za miezi 16 tu. Ukihesabu kutoka Agosti kurudi nyuma, mwaka jana unaanzia Aprili. Maana yake msimu wako mzima wa mwaka jana bado umo, lakini kila siku inayopita inafuta siku moja. Ukishaingia tu, pakua takwimu zote kabla hujafanya lolote.

Kisha ingia ripoti ya Performance, uchague kulinganisha Juni na Julai za mwaka huu na Juni na Julai za mwaka jana. Usilinganishe na Machi, wala na mwezi uliopita. Biashara yako inakwenda na wageni, na barabara ya Ruaha wakati wa masika siyo ya Julai. Kulinganisha mwezi wa kiangazi na mwezi wa mvua kutakudanganya upande wowote utakaoelekea. Na usiendelee kujitafuta kwa simu yako mwenyewe. Google inaangalia uko wapi na umekuwa ukifungua nini, kwa hiyo unachokiona wewe Iringa sicho anachokiona mtu wa Masaki.

Ripoti ile ina namba nne, nazo ndizo zitakazosema. Maonyesho ni mara ngapi umetokea mbele ya watu, mibofyo ni mara ngapi wamekufungua, kuna asilimia kati ya hizo mbili, halafu kuna wastani wa nafasi yako. Kama maonyesho ni yaleyale ila mibofyo imeanguka, basi bado unatokea na watu wanakuruka. Labda vichwa vya kurasa vimebadilika, labda matangazo na yale majibu ya akili mnemba yamekaa juu yako. Kama nafasi imeteleza kidogokidogo kwenye karibu kila ukurasa, kutoka ya tatu kwenda ya nane au ya tisa, ndipo tunaanza kufikiria maneno ya fundi wako kwamba Google wamebadilisha mambo. Na hilo halibishaniwi kwa maneno. Google wanatangaza tarehe za mabadiliko yao makubwa, yanayokuja mara kadhaa kwa mwaka. Lile la Machi 2024, kwa mfano, lilianza tarehe 5 Machi likamalizika 19 Aprili. Mwambie fundi akuonyeshe tarehe ya badiliko analolisema, muiweke juu ya grafu yako, mwone kama mteremko umeanzia hapo.

Mimi natabiri utaona kitu kingine. Fungua kipande cha Pages (kurasa) kwenye ripoti hiyohiyo, upange kurasa kwa tofauti ya mibofyo. Naamini utakuta ukurasa wa mwanzo uko vizuri, pengine haujapoteza kitu, halafu chini yake kurasa za vikapu, mikeka na vifuniko vya taa za mwaka jana zina mibofyo mingi upande mmoja na sifuri upande wa pili. Ziliporomoka mwisho wa Aprili, moja baada ya nyingine.

Sababu yake ni hii. Fundi mpya alibakiza jina la tovuti lakini akabadilisha anwani za ndani. Ukurasa wa taa uliokuwa, tuseme, /duka/kifuniko-cha-taa-milulu sasa ni /product?id=14. Kwako wewe ni taa ileile. Kwa Google, ile ya zamani imekufa, na hii mpya ni mgeni asiyejulikana na mtu. Stendi ya mabasi ilipohamia Igumbilo watu walielekezwa, ndiyo maana wasafiri hawakuendelea kusimama mjini na mabegi yao. Wewe hukuacha mtu wa kuelekeza. Hata ule utulivu wa wiki za kwanza unaeleweka: roboti za Google hazipiti kila ukurasa kila siku, na zikikuta ukurasa haufunguki huwa zinarudi tena kuangalia kabla ya kuuondoa. Jina la duka lako linaendelea kutokea kwa sababu ukurasa wa mwanzo ndio pekee ambao anwani yake haikuguswa.

Kinachoniuma zaidi ni linki. Mteja wako wa Arusha aliihifadhi moja. Bila shaka wapo waandishi wa safari, hoteli na makampuni ya utalii waliowahi kuweka linki ya kurasa zako kwenye tovuti zao. Hizo ndizo linki zenye thamani, hukulipa hata shilingi, na tangu Aprili zinaishia kwenye ukurasa haupatikani. Halafu mtu anakuja kukuuzia elfu moja za uongo!

Dawa ipo, na ni ya mikono zaidi kuliko ya akili. Unatengeneza jedwali la safu mbili: kushoto anwani ya zamani, kulia anwani mpya ya kitu kilekile. Za zamani utazipata kwenye ile orodha ya Pages uliyopakua, na kwa yule kijana wa kwanza kama ana nakala ya tovuti. Chimba pia kwenye mazungumzo yako ya WhatsApp, maana umewatumia wateja linki kwa miaka. Zamani Google nao walikuwa wanaonyesha nakala ya ukurasa waliyoihifadhi, wakaiondoa 2024. Lakini Wayback Machine ya Internet Archive, inayohifadhi nakala za zamani za tovuti, ipo. Andika jina la tovuti yako pale, kuna uwezekano mkubwa utaiona ya zamani kama ilivyokuwa.

Jedwali likikamilika mpe fundi aweke elekezo la kudumu kwa kila mstari, yaani anayefungua anwani ya zamani apelekwe yenyewe kwenye mpya; wenyewe wanaliita 301. Asiweke 302, hiyo ni ya muda. Na hapa umsimamie, kwa sababu kuna njia ya mkato ambayo mafundi wengi wanaipenda: kuzielekeza anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo. Kazi inaisha kwa dakika kumi, na haina faida. Google wakiona taa, mkeka na kikapu vyote vinaangukia ukurasa mmoja usiohusu hata kimojawapo, wanahesabu kwamba ukurasa haupo. Taa iende kwa taa. Kama bidhaa huiuzi tena, ielekeze kwenye kundi lake, na kama hata kundi halipo, iache ife. Mteja anayetafuta mkeka akiletewa picha ya mbele ya duka anafunga tu.

Mimi ningekuwa wewe ningemuuliza fundi swali moja kabla ya hayo yote: je, tovuti mpya inaweza kubeba anwani za zamani zilezile? Kama inaweza, azirudishe, halafu zile za namba alizozitengeneza Aprili ndizo ziwekewe elekezo. Anwani yenye maneno inamwambia hata mteja anakokwenda. Namba 14 haimwambii mtu chochote.

Ukurasa wenyewe wa taa nao ufunguliwe kwa macho ya mtu asiyekujua. Sijauona wako, lakini nimeona maduka ya mtandaoni ya kutosha huku Mbeya na Njombe, mtindo ni mmoja. Tovuti ikifanywa ya kisasa maneno yanafutwa, inabaki picha moja kubwa ambayo ndani yake pameandikwa kwa rangi nyekundu KIFUNIKO KIKUBWA, bei, PIGA SIMU. Juu ya ukurasa, pale kwenye kichwa, pamebaki neno Product. Usitegemee Google kukusomea maandishi yaliyochorwa ndani ya picha. Rudisha maelezo kama maandishi: ni kifuniko cha taa cha milulu, kimesukwa kwa mkono Iringa, upana wake sentimita ngapi, kinakaa na balbu ya aina gani, rangi zipo zipi, unaweza kusuka vingapi kwa oda ya hoteli na kwa muda gani, mzigo unafikaje Arusha. Hayo ndiyo wanayokuuliza kwenye simu kila siku, wewe ndiye unayeyajua, na yule wa Dar aliyenunua kwako kwa jumla hawezi kuyaandika vizuri kama wewe. Maelezo ya zamani yakipatikana kwenye nakala, anzia hapo, usiandike upya kwa kubahatisha.

Halafu zile kurasa za Kiingereza. Umesema "walikuwa wananipata", hukusema kama bado zipo. Kwenye Performance kuna kipande cha nchi, tazama Marekani, Uingereza na Ujerumani mwaka jana na mwaka huu. Kama zimekwenda sifuri na Tanzania imepungua nusu, fundi alizifuta akidhani ni marudio. Zirudishwe na zenyewe.

Mambo mengine madogo amalize kwa siku moja. Akague kurasa za bidhaa zisiwe zimebaki na amri ya noindex, ile wanayoiweka wakati wa ujenzi ili Google wasichungulie, kisha wanaisahau. Kwenye WordPress, kama ndio mfumo aliojengea tovuti, ni kisanduku kimoja tu katika mipangilio ya kusoma. Picha zipunguzwe uzito, maana Google siku hizi wanaipima tovuti kama inavyoonekana kwenye simu, na wanataka kitu kikubwa cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. Picha ya megabaiti tano kutoka kwenye kamera haitafika hapo kwa bando la mtu aliye Kilolo. Akimaliza awasilishe ramani mpya ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake, kwenye Search Console. Wewe mwenyewe chukua kurasa zako kumi zinazouza zaidi, uziweke moja moja kwenye kisanduku cha juu na kubonyeza ombi la kuorodheshwa. Usibonyeze ukurasa mmoja mara ishirini, haiongezi kasi.

Jina usibadilishe. Jina ndilo pekee lililosalimika, ukiliacha unaanza kweli kutoka sifuri, na matatizo ya anwani utayabeba vilevile. Ila hakikisha limesajiliwa kwa majina yako na barua pepe yako, siyo ya fundi. Nimeona watu wakilia mlangoni kwa hilo.

Kuhusu matangazo, fundi hajakosea kabisa. Kulipia tangazo hakukupandishi hata hatua moja kwenye matokeo ya kawaida, hivyo ndivyo Google wanavyosema na ndivyo ilivyo. Lakini msimu ni sasa, na marekebisho yanachukua wiki. Tangazo dogo la Agosti na Septemba, kwa wanaotafuta vikapu vya Iringa tu, linaweza kukuvusha. Liwe linafungua ukurasa wa bidhaa unaofunguka, siyo huo uliokufa. Mume wako naye Instagram anaijua vizuri, aiendeleze. Siyo lazima kimoja kife ili kingine kiishi. Na wateja wako wa zamani wote watumie linki mpya kwa WhatsApp leo jioni, ukianza na huyo wa hoteli.

Malipo ya kazi hii ya maelekezo, kwa maoni yangu, ni ya fundi mwenyewe. Kuhamisha tovuti bila kuweka maelekezo ni kazi iliyoachwa nusu. Zungumza naye kwa utulivu ukiwa na ile ripoti mkononi, mwonyeshe sifuri zilipoanzia. Akigoma, mtafute hata yule kijana wa kwanza. Mtu anayeijua tovuti yenu ataimaliza kwa siku mbili tatu jedwali likiwa tayari. Maelekezo yakishawekwa yasiondolewe. Google wanasema angalau mwaka mzima, mimi nasema yaachwe tu, hayali chakula.

Muda: kwa tovuti ya ukubwa wako, wiki chache kurasa nyingi zinakuwa zimeshatambuliwa, ingawa miezi minne uliyokaa nje inaweza kuwa imewapa wengine nafasi ya kukaa vizuri, kwa hiyo usishangae ukirudi wa nne kabla ya wa kwanza. Angalia maonyesho kwanza, yanapanda kabla ya mibofyo, na mibofyo kabla ya simu kuita. Ikifika katikati ya Oktoba maonyesho ya kurasa za bidhaa hayajasogea, niandikie tena, na uniambatanishie ile ripoti ya kurasa ambazo hazijaorodheshwa. Pale Google wanaandika sababu ya kila ukurasa, na hiyo ndiyo tutakayoanza nayo.